Waliolala na Waliokula

Kwenye semina za wadadisi hufika saa ya chai ambapo mtu hulilaani swali la waliokula. Mnalijua. Ni lile linalokuja baada ya orodha ya watu wa kaya, linalouliza ni watu wangapi walikula jana chakula kilichopikwa hapa, na wangapi wa hapa walikula kwingine. Mwenye nyumba hukutazama kana kwamba umetumwa kuhesabu matonge. "Aliyelitunga hili hakuwa na kazi," husema mmoja wenu, na wengine hucheka. Nami kwa miaka mingi nimecheka nao. Mara moja, mbele ya wenzetu wa mikoa mingine, nilisema nadhani lililetwa na wafadhili.

Halikuletwa na wafadhili. Swali lile ni langu. Nilipoulizwa nilikana, na nilipobanwa nilikana kwa bidii zaidi, mpaka nikadai kwamba mwaka lilipoingia nilikuwa likizo ya uzazi. Sasa nimestaafu, hakuna anayeweza kunituma kijijini kulijaza mwenyewe, kwa hiyo nasema. Tena nasema kwa majivuno.

Niliingia ofisi ya takwimu ya mkoa, Mwanza, mwanzoni mwa miaka ya tisini, nikiwa na shahada ya uchumi na viatu vya visigino. Shahada ilidumu kuliko viatu. Nimezaliwa na kukulia Mirongo, baba Mhaya, mama Mkerewe, na kwa sababu hiyo nilijiona naijua Mwanza yote. Nilichokuwa nakijua ni Mirongo, na hata hiyo ni upande wetu wa barabara.

Mkuu wangu alikuwa Mzee Magesa, Mjita mrefu, mpole, aliyevaa kaunda suti ileile ya kijivu mpaka tukaizoea kama samani ya ofisi. Siku ya kwanza hakunipa meza. Alinipa mizani ya kuning'iniza, ile yenye ndoano na uso kama wa saa, akanipeleka soko la Mkuyuni nikapime mafungu ya dagaa. Si kununua, kupima tu. Mama mwenye meza aliniacha nipime mafungu kadhaa ndipo akauliza.

"Dada, unanunua?"

"Hapana mama, napima."

"Wewe ni wa kodi?"

"Hapana. Wa takwimu."

"Basi pima na mimi," akasema. "Labda nimepungua."

Majirani zake wote walicheka, na Mzee Magesa hakubaki nyuma. Tukirudi ofisini alinieleza alichotaka nikione. Bei ya fungu ilikuwa ileile ya mwezi uliopita. Kilichopungua ni fungu lenyewe. "Ukiandika bei peke yake," alisema, "utakuwa umewaambia Dar es Salaam kwamba hakuna kilichobadilika." Katika miaka yangu yote kazini sikupata somo bora kuliko lile, na nililipata nikiwa nanuka dagaa.

Ilikuwa miaka ya kufunguliwa kwa biashara. Kizazi changu kilikulia kwenye foleni ya sabuni. Tulijua nani amepata sukari kwa kuangalia nyumba yake ilivyopata wageni ghafla. Sasa maduka yalijaa sabuni za kila rangi, mitumba ilimwagwa chini kama mavuno, na kijana aliyekuwa hana shati jana alipita na redio kaseti begani. Wakati huohuo hospitali zilianza kudai mchango, shule nazo zikadai, na viwanda vikapunguza watu. Kila mtu alikuwa na lake la kusema kuhusu kama maisha yamepanda au yameshuka, kulingana na upande wa kaunta aliosimama. Kazi yetu ilikuwa kupata jibu ambalo halikutegemea kaunta.

Jibu lenyewe, kwa mliojiunga juzi na kukuta vishikwambi vikifanya hesabu peke yavyo, lilipatikana hivi. Mdadisi aliitembelea kaya mwezi mzima, akaandika kila walichonunua na kila walichokula kutoka shambani mwao. Tukajumlisha, tukagawa kwa idadi ya watu wa kaya ile, tukapata matumizi kwa kichwa. Kisha tukayaweka kando ya yale ya tafiti za zamani, tuone mstari unapanda au unashuka. Dodoso lilitungwa Dar es Salaam na watu waangalifu sana. Lilikuwa na aina kadhaa za mchele, lakini halikuwa na mapanki, mifupa ya sangara inayobaki baada ya viwanda kukata minofu ya kupeleka nje, ambayo ndiyo nusu ya Mkuyuni ilikuwa ikila. Tukayaandika chini ya "samaki wengine", ingawa kusema kweli walikuwa samaki walewale, wamepungukiwa.

Katika wadadisi wangu alikuwemo Kulwa. Alikuwa amefanya kazi kiwanda cha nguo hadi walipompunguza, na kwetu aliingia kwa mkataba wa muda, ana watoto wanne, ana mwandiko mzuri kuliko wangu. Nilimpa vijiji vya ng'ambo ya ziwa, unakovuka kwa kivuko cha Kigongo kwenda Busisi, kwa sababu ni Msukuma wa kule na kwa sababu mimi naogopa maji. Sababu ya pili sikuitaja.

Miezi michache baadaye Bwana Mtulia alikuja kutoka makao makuu. Alikuwa mtaalamu wa kweli, nasema hivyo bila kejeli, mtu aliyeweza kutazama ukurasa wa namba na kunusa uongo. Aliweka madodoso ya Kulwa mezani kwa Mzee Magesa, mawili mawili.

"Tazameni. Huyu mama, Mama Nchambi. Kaya ya watu wawili, yeye na mjukuu. Unga wanaokula unatosha shule ya bweni. Jirani yake, huyu Lukas. Wanaume watatu, baba na wanawe. Mwezi mzima hawakula unga wa kutosha kuku. Mmoja anaishi kama mbunge, mwingine alipaswa kuwa marehemu. Na kijiji kizima kiko hivyohivyo."

"Labda ni makosa ya kuandika," nilisema.

"Makosa ya kuandika huwa hapa na pale, Koku. Haya yamepangwa. Kijana wako anakaa chini ya mti Busisi, anapika takwimu."

Alisema madodoso yale yatatupwa, na aliyeyajaza asipewe kazi ya takwimu popote. Mzee Magesa aliomba muda kidogo, akapewa kwa shingo upande. Mimi ndiye nilikwenda kumwambia Kulwa. Alinisikiliza akiwa amesimama, kofia mkononi.

"Dada Koku," akasema, "kupunguzwa nimezoea. Kuitwa mwongo sijazoea."

Ningependa kuwaambia nilimwamini palepale. Nilimwamini nusu. Shahada yangu yote ilikuwa upande wa Bwana Mtulia. Nikampeleka Kulwa afanye kazi Mkuyuni chini ya macho ya Mzee Magesa, na mimi, bila kumwambia, nikaenda Kigongo, nikapanda kivuko, nikashika nguzo ya katikati kama mlevi hadi Busisi.

Mama Nchambi alikuwa mjane wa makamo mwenye sauti ya kuitia ng'ombe walio mbali. Nilimwamkia, akaitika, akaiangalia mizani, kisha akanitazama usoni.

"Kulwa amekosa nini?"

"Hajakosa, mama. Nimepita kusalimia."

"Watu wa ofisi hawasalimii na mizani."

Nikajieleza nilivyoweza. Hakuridhika, lakini alinipa kigoda. Jioni ilipofika akaanza kupika, nikaomba kupima unga kabla haujaingia kwenye maji. Ulikuwa mwingi kama Kulwa alivyoandika. Nikapima mara ya pili, kwa sababu nilikuwa nimekuja kumnasa mtu na mizani ilikuwa inamtetea. Nikatazama huku na huku kutafuta walaji. Palikuwa na Mama Nchambi, mjukuu wake, na mbuzi mmoja aliyefungwa.

Ugali ulipoiva aliugawa. Kidogo akakiacha jikoni, kingine chote akakipakua kwenye sahani kubwa mbili za bati. "Shika hiyo moja," akaniambia. "Usikae kama mgeni wa harusi."

Nikamfuata, tukapita kando ya zizi. Mbele kulikuwa na shikome, moto ambao wanaume wa nyumba za pale hukusanyika jioni. Nilikuwa nimelisikia neno hilo shuleni, kwenye somo la mila, nikalijibia mtihani na kulisahau. Wanawake wengine walikuwa wanafika kutoka nyumba zao, kila mmoja na alichopika: sahani ya ugali, bakuli la mlenda, moja dogo sana lililofunikwa vizuri. Vyote viliwekwa chini pamoja, vikafunuliwa, na wanaume wakanawa. Hakuna aliyeuliza kipi kimetoka wapi. Na pale, akifinyanga tonge kwa afya ya kuonea wivu, alikuwepo Mzee Lukas, ambaye karatasini tulikuwa tumemuua kwa njaa, na wanawe wote wawili.

Wanawake wenzangu waliweka sahani na kuondoka, mimi nikasahau. Nilisimama na sahani yangu nikihesabu vichwa, na inaonekana midomo ilikuwa inacheza.

"Binti," akasema mmoja wao, "unahesabu watu au ng'ombe?"

"Watu, mzee. Shikamoo."

"Marahaba. Basi weka sahani kwanza. Ng'ombe wanahesabiwa wakishakula."

Nilirudi jikoni huku nyuma wakicheka, na sikujali hata kidogo, kwa sababu kichwani tayari nilikuwa nagawa upya. Hakuna aliyepika takwimu. Tulikuwa tumeandika chakula mahali kilipopikwa na watu mahali walipolala, kisha tukagawa kimoja kwa kingine. Hesabu ilikuwa sahihi kabisa, ila haikumhusu mtu yeyote aliye hai.

"Mama," nikamwambia Mama Nchambi, "kumbe wale wote wanakula kwako."

Aliacha alichokuwa anafanya. "Nani kakwambia wanakula kwangu? Wanakula kwenye moto."

"Lakini unga ni wako."

"Sikiliza, binti. Mwaka huu pamba ya Lukas imeliwa na wadudu. Mwaka juzi ilikuwa yangu. Umesikia mtu akisema?"

"Sijasikia."

"Na hutasikia. Pale sahani ikishatua haina mwenyewe, ndiyo maana inapelekwa pale. Sasa wewe uandike kwamba shemeji yangu Lukas, mwanamume mzima, analishwa na mjane? Kesho utamwangalia usoni?"

Nikamweleza kwamba majina hayachapishwi, kwamba karatasi zinakwenda mbali, Dar es Salaam.

"Huko Dar hakuna watu wa huku?"

Ushahidi wa kumwokoa Kulwa ulikuwa mbele yangu, na mwenye ushahidi alikuwa ananikataza kuutumia, na alikuwa na haki.

"Mama," nikasema, "nikikuuliza idadi tu? Nisiulize nani. Niulize wangapi."

Akafikiri. "Wangapi waliokula?"

"Wangapi waliokula ulichopika. Na wa kwako wangapi walikula kwingine. Bila jina."

"Idadi haina uso," akasema. "Idadi andika."

Ndiyo sababu swali lenu halina nafasi ya majina, ninyi mnaolalamika kwamba mngeweza kuchagua tu kutoka kwenye orodha na kumaliza haraka. Masharti yale aliyaweka Mama Nchambi. Mimi niliyapiga chapa tu.

Kulwa alikasirika alipojua nilikokwenda. "Ulikwenda kunikagua?" Nikakubali. Nikamsimulia kuhusu moto, nikitarajia ashangae. Alichoshangaa ni mshangao wangu.

"Kwani kwenu Mirongo wanaume wanakula wapi?"

"Mezani."

"Peke yao?"

"Na sisi."

"Mh," akasema, kwa huruma ya kweli. Kisha nikaona linamwingia. Yeye mwenyewe alikuwa amekaa kwenye moto ule mara kadhaa, akala, kinyume cha kanuni zetu, na hakuwahi kujihesabu hata yeye. Mimi sikuona jambo lile kwa sababu lilikuwa geni kwangu, naye hakuliona kwa sababu lilikuwa la kwao. Baina yetu wawili tulikuwa tumeukosa moto mkubwa uliowashwa kila jioni.

Mzee Magesa aliamua tulirudie swali hilo katika kaya zote, za mjini pia. Nilipinga. Nilisema mjini hakuna shikome. Akaniambia nianze na duka la Bwana Hasmukh, mfanyabiashara wa vitambaa ambaye familia yake iko mjini tangu enzi za babu zake, na ambaye karatasini alikuwa anakula kama mfalme. Mke wake alinifungulia akiwa na unga mikononi.

"Shikamoo mama. Jana walikula watu wangapi hapa?"

"Watu wa nyumba au watu wa mchana?"

"Watu wa mchana ni akina nani?"

"Wa dukani wote, na mlinzi, na fundi cherehani wa barazani. Wewe ulidhani chapati zile zote tunakula sisi wanne? Ningekuwa napita mlangoni?"

Mkuyuni ilikuwa kinyume chake. Chumba kimoja kiliandikisha watu wanane na karibu hakikununua chakula cha kupika, kwa kuwa tangu baba wa nyumba alipopunguzwa kazini watoto walitawanywa kula kwa shangazi na wajomba, na wenyewe wawili walikula kwa mama ntilie. Hakuna aliyetudanganya. Tuliuliza waliolala, wakatuambia waliolala.

Tulipogawa upya, wafalme wakashuka na marehemu wakafufuka. Kijiji cha Kulwa kilibaki maskini, lakini kikawa kijiji cha watu, si cha wabunge na maiti. Mzee Magesa alitazama jedwali lile muda mrefu, kisha akalegeza kola ya kaunda suti, jambo ambalo sijapata kuliona kabla wala baada ya hapo.

Tulipeleka kazi Dar es Salaam. Bwana Mtulia alipiga simu kukataa. Simu ilikuwa mezani kwa Mzee Magesa, naye akanikabidhi mkonga kama mtu anayempa mwenzake mtoto anayelia.

"Koku, nimeelewa," Bwana Mtulia alisema. "Ni kitu kizuri. Lakini tafiti zote za nyuma ziligawa kwa waliolala. Ukianza leo kugawa kwa waliokula, mstari wa miaka yote unakatika. Hatutajua maisha yamebadilika au ni sisi tumebadilika."

Hapo ndipo nilipojua kwa nini alikuwa mkubwa wetu. Alikuwa sahihi, na usahihi wake ungemmaliza Kulwa.

"Basi tuweke zote mbili," nikasema. Sikuwa nimeipanga. "Waliolala tuwahesabu kama zamani, mstari usikatike. Waliokula tuwahesabu pembeni, tuanze mstari mwingine. Anayetaka kulinganisha na zamani atumie wa kwanza. Anayetaka kujua watu wanakula nini atumie wa pili."

"Ni kazi maradufu kwa wadadisi."

"Ndiyo."

"Watakulaani."

"Hawatajua ni mimi," nikasema. Ahadi hiyo nimeitunza hadi leo asubuhi.

Akasema atafikiri. Alifikiri kwa wiki kadhaa, na Kulwa, kazi ya Mkuyuni ikiwa imekwisha, akawa hana kazi wakati wote huo. Alikuja ofisini kila asubuhi hata hivyo, akiwa amenyoa ndevu, akakaa kwenye benchi la nje ya mlango wa Mzee Magesa. Nilianza kupita mlango wa nyuma.

Niseme jambo moja kwenu kabla sijamaliza. Mtu akiwaambia kwamba katika nchi hii matumizi ya kila mtu yamepanda au yameshuka tangu miaka ile, msikimbilie kutazama fedha. Fedha huandikwa vizuri, watu hupenda kuziandika. Ulizeni zimegawanywa kwa nani. Miaka ya tisini watu wa Mwanza walijifunza kununua vitu vipya vingi, lakini badiliko kubwa nililoliona mimi ni la sahani. Zilihama kila siku kutoka kwa aliyepata kwenda kwa aliyekosa, na zilipita mbele ya maofisa wenye shahada na mizani bila kuonekana. Tulizionyesha. Tulikuwa ofisi ya mkoa, yenye simu moja na taipureta iliyokosa herufi, na tulizionyesha.

Bwana Mtulia alipiga tena siku ya Jumatatu. Mzee Magesa hakuwepo, nikapokea mimi.

"Koku," akasema. "Jana nilikuwa nyumbani. Nikamwuliza mke wangu lile swali lako, kwa kulijaribu tu. Mimi nilikuwa nimeshaandika jibu. Sita."

"Akasema wangapi?"

"Alicheka kwanza. Kisha akahesabu. Kumi na mmoja." Nikasikia akihema. "Kuna kijana anakula kwangu tangu mwaka jana, nilidhani ni wa jirani. Miaka yote hii nasema mshahara umepungua. Kumbe watu wameongezeka."

Sikucheka. Nastahili sifa kwa hilo pia.

"Swali liingie," akasema. "Nchi nzima. Mistari yote miwili. Na yale madodoso ya ng'ambo yapokelewe kama yalivyo."

"Na aliyeyajaza?"

"Aendelee na kazi. Na umwambie nilikosea."

Mlango ulikuwa wazi. Kupitia hapo niliona nusu ya benchi na goti moja la suruali iliyopigwa pasi.

"Sijasikia vizuri," nikasema kwa nguvu. "Kulwa anaendelea na kazi? Unasema wewe ndiye uliyekosea? Kulwa hakupika?"

Bwana Mtulia akasema hakuna haja ya kupiga kelele, laini leo ni nzuri.

Nikamjibu kwa sauti ileile kwamba nimesikia.